Majani ya Mama Moza

Kwenye njia panda ya Nangurukuru, nyuma ya vibanda vya chipsi na mahindi ya kuchoma, lipo benchi ambalo serikali ya kijiji haijawahi kulitambua, lakini mambo mengi ya kijiji hupitishwa hapo kwanza. Mwenye dele la kahawa ni Likwata, mtu wa maneno machache na kashata nyingi. Jafari anaitwa Kadhi, kwa sababu hajawahi kusikia kesi asiitolee hukumu, iwe inamhusu au haimhusu. Valentini anaitwa Hali ya Hewa. Aliwahi kusema mvua itanyesha na kweli ikanyesha, na tangu siku hiyo hajapumzika kutabiri. Mteja wa tatu ni Alfani, fundi baiskeli, wao humwita Spoku, na alasiri hiyo ya Jumatano Spoku alikuwa na kibiriti mfukoni na moyo usiotulia. Ijumaa baada ya swala watu wa Mingoyo walikuwa wanakuja kumposa binti yake Moza, na nyuma ya nyumba yake kulikuwa na shimo lililojaa majani na maganda ambalo mkewe, Fauzia, alikataa katakata lisichomwe moto.

— Hebu rudia, Spoku, — Kadhi alisema huku akipuliza kikombe chake. — Shimoni mna nini?

— Majani ya mkorosho. Maganda ya ndizi, maganda ya mihogo. Maji ya kuoshea mchele anayapeleka migombani. Uwanja wenyewe anafagia mbele tu. Chini ya miti anayaacha majani yalale.

— Yalale?

— Ndivyo anavyosema. Yalale.

Kadhi aliweka kikombe chini. Jambo lilikuwa zito, na kila aliyekaa pale alilijua. Huku kwetu anayekuja kuposa hamtazami binti kwanza, anatazama uwanja. Akikuta mistari ya ufagio imelala sawasawa toka mlangoni hadi uani, anajua nyumba ina mama na mama ana binti aliyefunzwa. Akikuta majani, atakunywa chai, atashukuru sana, na hamtamwona tena. Mama yake Alfani mwenyewe, Mungu amrehemu, aliwahi kumkataa mchumba wa mwanawe mkubwa kwa sababu ya majani ya mfenesi, na hakuna aliyethubutu kumuuliza ni majani mangapi.

— Na sababu ametoa? — Hali ya Hewa aliuliza.

— Anasema anatunza mazingira. Wamefundishwa kwenye kikundi chao cha akina mama, kwamba kazi inaanza nyumbani kwa kila mtu.

Kadhi alicheka mpaka kahawa ikampalia.

— Mazingira. Mwanamke akikwambia anatunza mazingira, ujue anatengeneza mazingira.

— Mazingira ya nini?

— Ya kukuomba kitu. Sikiliza. Sokoni siku hizi anakwenda na nini, mfuko au kapu?

— Kapu. La ukili.

— Umeona? Leo kapu. Kesho atataka jiko banifu, kuni zisiishe porini. Keshokutwa jiko la gesi. Utakuja kushtuka unabeba friji kwenye baiskeli, eti chakula kisioze.

— Kwani chakula kisipooza kuna ubaya gani? — Alfani aliuliza kwa sauti ndogo.

— Tayari ameshakuingia, — Kadhi alisema.

Hali ya Hewa alikuwa akitikisa kichwa muda wote huo, kama mwalimu anayesubiri darasa linyamaze.

— Kadhi unaona mbali ila huoni juu. Shida ni wingu. Wingu ni nini? Ni moshi uliopoa. Zamani kila nyumba asubuhi ilichoma majani yake, na mvua zilikuwa za kushiba. Sasa akina mama wamegoma kuchoma. Wingu litatoka wapi?

— Yaani vuli imechelewa kwa sababu ya mke wangu?

— Sijasema yeye peke yake. Kikundi kizima.

— Mimi lile shimo nimeliona, — Kadhi alidakia. — Asubuhi linatoa mvuke.

— Umelionaje, nalo liko nyuma ya nyumba yangu?

— Nilikuwa namfuata kuku. Usinitoe kwenye hoja. Kitu kinachotoa mvuke bila moto si kitu cha kukaa nacho. Kule chini kuna gesi.

— Gesi kweli, — Hali ya Hewa alikubali, na macho yakamwaka. — Unadhani ya Songosongo ilianzaje? Bibi wa watu alifukia majani, akafa, watu wakasahau. Spoku, wewe endelea tu. Utaamka siku moja mabomba yamepita chumbani kwako.

— Na Moza ataposwa na kampuni, — Kadhi alimalizia.

Wakacheka wote, Alfani naye akacheka, maana kicheko cha kijiweni hakikwepeki. Lakini moyoni hakuwa na furaha. Ukweli ambao hakuwaambia ni kwamba migomba ya Fauzia mwaka huu ilikuwa imenenepa, na kwamba alipenda kumwona akilipindua lile shimo kwa jembe huku akiimba taratibu, uso wake umetulia. Alimpenda mkewe. Alimpenda pia Moza, na hakutaka binti yake arudishwe kama mzigo uliokosewa anwani.

— Hukumu, — Kadhi alisema, akajifuta mdomo. — Mama Moza yuko shamba Mitole, siyo? Nenda sasa hivi ukachome kabla hajarudi. Akiuliza, mwambie cheche zimeruka toka kwa jirani. Ijumaa uwanja mweupe, wakwe wameridhika, kesi imefungwa.

Alfani aligusa kibiriti mfukoni. Akainuka nusu.

Pembeni mwa benchi alikuwa amekaa mama mmoja aliyeshuka basi la Lindi, begi lake miguuni, akisubiri gari la Masoko. Alikuwa ameagiza kahawa na kunyamaza nayo kwa adabu muda wote huo.

— Samahanini, kaka zangu, mimi mpita njia tu, — alisema. — Huyo mama mwenyewe anasemaje?

— Si umesikia, — Kadhi alimjibu. — Anasema mazingira.

— Hilo ni neno la kikundi. Namuulizia yeye. Mume wake alipomuuliza kwa nini hataki kuchoma, alijibu nini?

Kadhi alimtazama Hali ya Hewa. Hali ya Hewa alitazama juu. Alfani alirudi kukaa. Habari ya lile shimo alikuwa ameshampa Kadhi, ameshampa kinyozi, ameshampa hata muadhini. Fauzia alisema lisichomwe, naye akachukua kofia yake akaja kijiweni.

— Sijamuuliza, — alisema. Aliona aibu, na aibu yenyewe ilikuwa ya haki.

Likwata aliinamisha dele, likatoa machicha matupu. Akayakung'utia kwenye kipande cha gazeti, akakunja, akampa Alfani.

— Mpelekee. Huwa anapita kuyachukua kila jioni, ya shimo lake.

— Tangu lini?

— Muulize, — Likwata alisema, akaanza kuosha vikombe.

Alfani alimkuta Fauzia amesharudi, amekaa kwenye kigoda karibu na migomba, ananawa miguu udongo wa shamba. Alipouona mkunjo wa gazeti mkononi mwa mumewe aliinua nyusi.

— Mama Moza, nina swali.

— La shimo?

— La shimo. Kwa nini hutaki kulichoma?

Fauzia aliacha kunawa.

— Unauliza kwa niaba ya kijiwe, au unauliza mwenyewe?

— Nauliza mwenyewe.

Akamsogezea kigoda, yeye akahamia kwenye jiwe la kufulia. Akamweleza. Vya shimoni vilikuwa vinaoza kuwa mbolea ya migomba. Moshi wa uani kwao ulikuwa unaingia moja kwa moja kwa jirani yao Dada Lightness, mwenye mtoto mchanga. Uwanja waliokuwa wanaufagia mpaka ukang'aa, kila masika maji yaliuchukua udongo wake na kuupeleka kisimani, na msingi wa nyumba ulikuwa umeanza kubaki wazi. Akamwonyesha kwa kidole, na Alfani aliyelala ndani ya nyumba hiyo miaka yote akauona kwa mara ya kwanza. Chini ya miti, pale majani yalipolala, udongo ulikuwa umekaa mahali pake.

— Watu wa Mingoyo ni wakulima, — Fauzia alisema. — Wataona majani, watauliza. Nikijibu mimi watasema mama mvivu anajitetea. Ijumaa nani atawajibu?

— Mimi.

— Basi sema nisikie.

Alfani alikohoa, akaweka kofia sawa, akaanza kuwaeleza wakwe ambao hawajafika. Akakosea kwenye msingi wa nyumba, Fauzia akamrekebisha, akaanza tena.