Sindano ya Pili ya Winchi

Benchi lile la kahawa mbele ya duka la fundi saa halikosi watu, na watu wake hawakosi jibu. Leo mada ni Winchi, mchukuzi wa magunia. Juzi mgongo ulimbana, akafanya wafanyavyo wachukuzi wote: akachomwa sindano ya maumivu takoni, akarudi mzigoni. Tako likavimba. Akachomwa ya pili palepale. Maumivu yakanyamaza, uvimbe ukashuka mpaka pajani. Sasa amekalia upande mmoja, anatetemeka juani. Chumbani kwake hakuna wa kumpa pole, ndiyo maana amejikokota mpaka hapa. Alitaka mtu mmoja tu amwambie, "Inuka, twende hospitali." Kuomba hakuweza. Abebaye mizigo ya watu huona haya kubebwa.

— Dawa imeganda hiyo, alisema Cherehani, fundi nguo. Ungebeba gunia kabla haijapoa, ingeyeyuka.

— Wapi! akadakia Spika, ambaye sauti yake hulala mwisho mtaani. Sindano imegonga mshipa wa homa. Ukiguswa huo, hata jua unaliona barafu.

— Basi akandwe, akasema Cherehani. Wahenga walisema maji ya moto hayachomi nyumba.

— Nyumba sawa, na tako je?

Wakacheka. Winchi naye akacheka, asije akabaki peke yake.

— Pameanza kuwa peusi, akasema taratibu.

— Safi! akadakia Cherehani. Damu chafu inaaga hiyo. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Mimi nasema dawa ya moto ni moto, Spika akahitimisha. Achomwe ya tatu, zipigane humohumo.

Mama mmoja aliyesimama kununua kahawa akamgusa Winchi shingoni, akaurudisha mkono upesi.

— Ninyi! Mtu anaungua mnamfanyia mzaha? Huyu ni wa hospitali sasa hivi, mguu utaoza huu!

Akasimamisha pikipiki, kisha akawageukia.

— Anakaa wapi, niwapelekee habari watu wake?

Cherehani akamtazama Spika. Spika akatazama kahawa yake.

— Si kule... kule chini?

— Chini wapi?

Miaka yote wamekunywa naye kahawa bega kwa bega. Winchi akangoja angalau mmoja akumbuke hata rangi ya mlango wake. Benchi likakosa jibu.

— Usihangaike, mama, Winchi akasema. Watu wangu ndio hawa.

Akapandishwa pikipiki, akishikiliwa kiunoni na yule mama, mtu asiyemjua.