Hreni ya Mlangoni kwa Zanvil

Kila Ijumaa asubuhi, nje ya duka la samaki pale Bnei Brak, mji wa Wayahudi washika dini huko Israeli, benchi lilikuwa na watu wake walewale na kahawa yao nzito ya glasi. Ijumaa hiyo Zanvil alirudi baada ya kuumwa majira mazima ya baridi, koti jeusi likimpwaya, akasema anamtafuta mtu. Siku zile chakula kilipomshinda hata kukitazama, kila Alhamisi alikuta mlangoni chupa ya hreni: mzizi mkali uliokunwa, ukatiwa bitiruti na siki. Kijiko kimoja juu ya samaki, machozi yakamtoka, pua ikazibuka, njaa ikarudi. Alitaka kumshukuru aliyeileta kabla Sabato haijaingia.

Badala ya kutaja mtu, benchi likaanza kutaja vitamini.

Lipa, ambaye miwani yake ilimpa jina la Profesa, alisema siri ni vitamini C, na potasiamu, tena mafuta hamna.

— Kwa kijiko kimoja, Profesa? akauliza Getzl, waliyemwita Siki.

— Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba cha hreni kingemzika.

Kwa Getzl, dawa ilikuwa ule mvuke mkali wa mzizi ukikunwa. Babu yake alikuwa akikuna dirishani, na mtaa mzima haukujua mafua. Lipa akauliza kama hata njiwa wa mtaa huo walipona.

— Wewe cheka. Mchumia juani hulia kivulini. Mzizi huu umeishi kivulini maisha yake yote, utakosaje nguvu?

Mwisho wa benchi Feivish alikuwa akinywa kahawa yake. Yeye na Zanvil hawakuwa wakisalimiana tangu kibanda alichojenga Feivish kwa Sikukuu ya Vibanda kilipoziba dirisha la Zanvil.

Anshel, mpangaji aliyehamia wiki ile, alikuwa amesimama na mikate yake miwili ya Sabato.

— Samahani, Reb Zanvil, akasema kwa heshima. Ungejua imetoka kwa nani, ungeila?

Zanvil akakumbuka supu aliyoirudisha alipoanza kuumwa, ikiwa bado ya moto, kwa kuwa tu aliyeileta alikuwa mke wa Feivish. Chupa ya kwanza ilikuja wiki iliyofuata.

Akainuka taratibu. Akampa mkono Lipa, akampa Getzl, akaenda hadi mwisho wa benchi.

— Sabato njema, Feivish.

— Nawe pia, Zanvil. Umekonda.

— Bila Alhamisi zile, ningekonda zaidi.