Nafasi Tupu ya Bi Beryl

Ijumaa tarehe 28 Machi 2014, saa kumi na moja jioni, Bi Beryl Hathersage atavua aproni yake na kustaafu, baada ya kuitumikia karakana ya saa ya Pargeter hapa Coventry kwa miaka arobaini na miwili na nusu. Jumatatu itakayofuata tutaweza kupiga chafya bila kuomba ruhusa.

Alianza Septemba 1971 akiwa na miaka kumi na saba, akisafisha saa za ukutani za viwandani na kuwapikia wakubwa chai. Chai, tuseme ukweli, ilikuwa mbaya. Lakini mikono yake ilikuwa na utulivu ambao wakubwa hao hawakuwa nao. Mwaka 1984 Bw. Pargeter alipoamua tutengeneze saa zetu wenyewe za mkononi, moja kwa mwaka au pungufu, hakuna aliyeuliza nani ataongoza kazi.

Bi Beryl hukereza ekseli nyembamba kama sindano, na hung'arisha hata kingo ambazo mnunuzi hataziona maishani. Skrubu huzichoma moja moja juu ya moto wa spiriti. Zinageuka manjano, kahawia, zambarau, kisha buluu, na hapo ana muda wa pumzi moja tu wa kuziondoa. Akichelewa, rangi inapauka na skrubu hiyo anaianza upya.

Skrubu ikidondoka, karakana nzima hutambaa. Mwaka 1997 daktari mmoja alikuja kuchukua saa yake akatukuta watu wazima sita tumepiga magoti kimya. Akavua kofia, akainamisha kichwa, akangoja tumalize ibada. Skrubu ilionekana kwenye jamu ya andazi langu, ambalo nilikuwa nimeshakula nusu.

"Kijana," Bi Beryl aliniambia (hadi leo ananiita kijana, nami nina miaka hamsini na minne), "ungeimeza, ningekaa na wewe mpaka itoke."

Kazi yangu mimi ni kuchonga maandishi kwenye uso wa saa. Juu nachonga jina Pargeter. Chini, tangu saa ya kwanza kabisa, Bw. Pargeter alitaka neno England, yaani imetengenezwa Uingereza. Bi Beryl akakataa katakata. Kila kipande tulikitengeneza wenyewe isipokuwa kimoja: ile springi nyembamba kuliko unywele, inayoliyumbisha gurudumu huku na huku na kuipa saa mwendo wake. Hiyo tuliinunua Uswisi.

"Nani atajua, Beryl?" Bw. Pargeter alimbembeleza.

"Mimi."

"Ni springi tu, jamani!"

"Springi ya Mswisi, halafu tuandike England? Basi niandikieni na mimi kuwa Malkia, nikadai kasri langu."

Kwa hiyo chini pakabaki patupu. Kila saa mpya nilimuuliza, "Niandike?" Kila mara akajibu, "Bado." Saa ishirini na sita zimetoka hivyo.

Mwaka 2003 akaamua kuitengeneza springi mwenyewe. Akavuta waya kupitia tundu dogo, kisha dogo zaidi, akaubana kati ya roli mbili za chuma mpaka ukawa utepe, akaukunja, akautia kwenye tanuri. Ukatoka umepinda. Akarudia. Zilizoharibika alizitupia kwenye chupa ya jamu, na kufikia mwaka jana chupa ilionekana kama imeokotwa kwa kinyozi. Nilimshauri apumzike. Akanishauri nikapike chai.

Januari mwaka huu springi moja ilikaa sawasawa. Akaifunga ndani ya saa ya ishirini na saba, mwenyewe akaipeleka kwenye maabara ya kupimia saa: siku kumi na tano, imelazwa, imesimamishwa, kwenye joto, kwenye baridi. Alitutangazia kabisa kwamba ikishindwa, saa itauzwa na nafasi yake tupu, naye ataondoka hivyo hivyo. Muda wa kujaribu tena haukuwepo.

Barua ilifika tarehe 7 Machi. Aliisoma amesimama, akaisoma tena ameketi. Saa ilikuwa imekwenda mbele kwa sekunde moja na nusu tu kwa siku. Imefaulu! Akaiweka barua juu ya meza yangu.

"Haya, kijana. Andika."

Nilikuwa nimeingoja kauli hiyo miaka thelathini, nikaanza kuchonga kwa pupa papo hapo. E ikatoka vizuri, N vizuri, G ikatoka kama sita iliyolewa. Uso mzima wa fedha ukaharibika. Nilitamani sakafu inimeze.

Bi Beryl akavaa miwani, akaitazama ile G, akacheka mpaka akashika meza. "Mimi nimeharibu springi mia nne na kumi na moja. Wewe hata moja usiharibu? Leta uso mwingine."

Wa pili ulikubali. Saa hiyo sasa ina herufi zake zote saba, na itakayofuata itakuwa nazo pia, maana Bi Beryl ametuachia daftari lake la vipimo vya springi, na chupa ya jamu ili tusijione wajanja.

Bi Beryl, tunakushukuru kwa kutukatalia miaka yote hiyo. Zawadi yako ya Ijumaa ni ule uso niliouharibu, tumeutengeneza kuwa bruchi, pambo la kubana kifuani. G ni kosa langu, neno ni lako. Tunakuombea afya, bustani isiyo na konokono, na asubuhi nyingi za kuamka wakati wowote upendao.