Siku Ishirini na Moja za Mama Mitchell

Benchi letu ni ubao mmoja juu ya mawe mawili ya kujengea, pale barabara ya kutoka Kiandutu inapokutana na ile ya kwenda Eneo la Viwanda. Upande wetu kuna meza yangu ya viatu na birika la kahawa la Hassan. Ng'ambo ya barabara kuna kisiagi cha Kiama, na ndani ya kisiagi kuna Mama Mitchell, mweupe kwa unga kutoka kitambaa cha kichwa hadi vidole vya miguu, akisaga mahindi ya watu mwaka wa tisa sasa. Kiama mwenyewe hushinda benchini na sisi, ndiyo maana tunamwita Director. Mzee Njau ni Wakili, kwa sababu aliwahi kuwa shahidi wa kesi ya mbuzi siku tatu mfululizo, na tangu hapo hakuna sheria asiyoijua. Ndambuki ni Soja, usiku analinda geti la kampuni na mchana anasinzia kwetu. Mimi ni Fundi. Jumamosi hiyo Director alikuja na karatasi iliyochanwa katikati ya daftari, akaiweka mezani kwangu, karibu na kiatu cha Mama Mitchell nilichokuwa nakipiga soli, kile nilichokiandika kwa chaki "M. Mitchell" ili kisipotee kati ya vingine.

— Wasee, nani hapa anajua kuandika barua ya kazi?

Soja alifungua jicho moja.

— Umepata kazi?

— Si mimi. Ni ya Mama Mitchell.

Hassan alikuwa anamimina kahawa. Birika likabaki hewani.

Director akatueleza. Alhamisi afisa wa leba alipita akikagua biashara za mtaa, akamkuta Mama Mitchell kwa mashine, akauliza barua yake ya kazi iko wapi. Hakukuwa na barua. Afisa akasema mtu wa zaidi ya miezi mitatu lazima awe na mkataba wa maandishi, na Jumatatu saa tatu anataka kuuona.

— Si umwambie mlikubaliana kwa mdomo? alisema Hassan.

— Mdomo! Kuna rafiki yangu ana hoteli Ruiru. Mpishi wake wa miaka sita amempeleka korti ya kazi. Mpishi akasema hajawahi kupewa likizo. Unajua jaji alimuuliza nani ushahidi? Bosi! Ati kama huna karatasi, wewe ndiye utoe ushahidi kwamba mpishi anadanganya.

— Sasa hiyo barua inataka nini ndani? niliuliza.

— Mshahara. Saa za kazi. Siku moja ya kupumzika kila wiki. Mambo ya SHA ya hospitali, NSSF ya uzeeni, na ile pesa ya nyumba za serikali. Halafu likizo, siku ishirini na moja kila mwaka.

— Bila malipo, alisema Soja.

— Na malipo.

— Ngai! Siku ishirini na moja?

— Za kazi. Jumapili hazimo.

Sitadanganya, wivu ulinikaba. Nina miaka kumi na sita kwenye meza hii. Nikiumwa, viatu vinaningoja. Nilipomzika mama yangu nilirudi siku ya pili kwa sababu shule zilikuwa zinafunguliwa na watoto wa watu walitaka viatu. Nikamtazama Mama Mitchell akimfungia mteja mfuko, na tayari nilimwona kwao Ngoliba, amenyoosha miguu kwenye mkeka, anakula papai, na mshahara unaingia.

— Mimi kampuni inanipa karatasi ya miezi mitatu, alisema Soja, sasa macho yote yako wazi. Ikiisha nakaa nyumbani wiki moja, naanza tena kama mgeni. Miaka saba mimi ni mgeni!

— Wewe angalau unapewa karatasi, alisema Director. Mimi nilipiga kibarua pale kiwandani miaka kumi na moja. Asubuhi mnajaa getini, karani anasoma namba. Yangu ilikuwa sabini na tatu. Ukisikia namba yako unaingia, usiposikia unarudi kwa watoto. Siku moja haikusomwa. Kesho yake haikusomwa. Hakuna aliyeniambia kwaheri. Na leo mimi ndiye nimpe mwingine likizo!

Alikuwa karibu kulia. Haikuwa huruma, ilikuwa wivu kama wangu, ila wake ulikuwa umekaa miaka mingi zaidi.

Wakili akasafisha koo.

— Likizo ni mlango tu. Huyo mama akitimiza miaka kumi na mbili kwa hicho kisiagi bila wewe kumtoa, kinakuwa chake.

— Hiyo si ni sheria ya mashamba, mzee? aliuliza Hassan.

— Na kisiagi kimesimama juu ya nini? Hewa?

Director akahesabu kwa vidole, akakuta imebaki miaka mitatu.

— Hapo kwa pesa ya nyumba ndipo kubaya, alisema Soja. Yeye anakatwa asilimia moja na nusu, wewe unaongeza moja na nusu yako. Siku akipewa nyumba, nusu ni jasho lako. Wewe bado uko kwa mabati, na yeye yuko ghorofani anaanika nguo.

— Utaenda kupanga kwake, alisema Wakili. Chumba cha nyuma. Na mwisho wa mwezi atakugongea mlango akitaka kodi.

— Mimi nimesikia kwa redio kuna mswada, alisema Hassan. Ati bosi asimpigie mfanyakazi simu baada ya kazi.

— Ni mswada tu, Hassan. Haijapita.

— Leo haijapita. Kesho unampigia saa tatu usiku kuuliza ufunguo uko wapi, anakushtaki.

— Ufunguo hukaa na yeye, alisema Director polepole.

— Basi utalala nje ya kisiagi chako, mwajiri mzima.

— Na mkumbuke mambo ya uzazi, alisema Wakili. Miezi mitatu, mshahara kamili.

— Mama Mitchell? Wacha, mzee. Mitchell yuko chuo!

— Atirĩrĩ, nisikilizeni. Siku ishirini na moja yuko nyumbani na mume wake. Hajachoka. Hana unga kwa nywele. Mnafikiria watakuwa wanafanya nini, wanachambua maharagwe? Na huyo mume naye ana wiki zake mbili za kuwa baba.

— Na hizo pia nilipe mimi?

— Kwani ni nani aliyewapa nafasi?

Tulicheka, lakini kicheko kilikuwa kikavu. Hata mimi niliongeza langu. Nilisema atarudi kutoka likizo amenawiri, na wateja wataanza kumuuliza yeye kama ndiye mwenye kisiagi na huyu mzee wa benchini ni kibarua wake. Director aligeuka akaniangalia. Nilifurahi nilipoona limemwingia, na furaha hiyo bado inaniaibisha.

— Kuna njia, alisema Wakili. Mfute leo. Mwandikie barua ya kumwachisha, Jumatatu umwonyeshe afisa kwamba hapo hakuna mfanyakazi. Jumanne unamchukua upya, mgeni kabisa. Hana miaka tisa, hana likizo, hana chochote.

— Kama mimi, alisema Soja, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu. Na hiyo wiki aje akae hapa na sisi, ajue vile benchi inauma.

Ng'ambo ya barabara Mama Mitchell alitokea mlangoni kukung'uta aproni. Akatuona tunamtazama, akatuinulia mkono. Hakuna aliyeinua wake. Nilijua tunafanya kosa, na nilijua ilikuwa zamu yangu kusema. Nikachukua gundi nikapaka soli. Director akafuta kwa mstari kichwa "Barua ya Kazi" alichokuwa ameandika juu ya karatasi, akaandika chini yake "Barua ya Kuachishwa".

Hapo ndipo akafika Aoko. Ni mgeni mtaani, amefungua cyber mwezi jana karibu na duka la dawa, na ndiye Director alikuwa amemwomba aipige barua hiyo kwa kompyuta; Jumamosi anafunga saa saba.

— Habari zenu. Director, nimekungoja tangu saa nne nikachoka, nimekuja kuchukua karatasi mwenyewe. Ni barua gani?

— Ya kuajiri. Ama ya kuachisha. Bado tunaongea.

— Sawa, amueni, lakini zote zinaanzia mahali pamoja. Huyu mtu anaitwa nani?

— Mama Mitchell! tulijibu wote watano.

— Hilo ni jina la mtoto wake. Yeye anaitwa nani?

Nilitazama kiatu mikononi mwangu. Director alimtazama Wakili, na Wakili alikuwa amepata kitu cha kuangalia ndani ya kikombe chake.

— Mary, alisema Soja. Mary something.

— Mary ni yule wa mboga, alisema Hassan.

— Kitambulisho chake hukuchukua kopi? aliuliza Aoko.

— Aliletwa na mama mkwe wangu, alisema Director. Ningeanzaje kumuuliza kitambulisho?

— Kwa M-Pesa je? Si ukimlipa jina linatokea?

— Namlipa mkononi.

— Basi mtumie shilingi kumi, alisema Hassan. Jina litakuja, halafu unaikatiza kabla haijaenda.

Director alibonyeza simu kwa kidole kimoja, sote tumemwinamia. Jina likaja: Mitchell. Laini ilisajiliwa na mtoto. Alipokuwa bado anatafuta mahali pa kukatiza, kumi ikaenda.

Kisiagi kikanyamaza. Mama Mitchell akavuka barabara, simu mkononi, nyayo nyeupe zikibaki nyuma yake kwenye lami.

— Director, nimeona kumi yako. Ni ya nini?

Wakili, ambaye dakika tano zilizopita alikuwa na sheria ya kila kitu, aliinama kufunga kamba za viatu visivyo na kamba. Director akasimama. Sijawahi kumwona akisimama kwa ajili ya mtu pale benchini.

— Mama Mitchell, jina lako ni nani?

Alidhani ni mzaha, akatutazama mmoja mmoja atafute wa kucheka naye.

— Langu mimi?

— Lako.

— Si nilikuambia siku ile ya kwanza. Nilikuwa nimesimama pale mlangoni. Nikakuambia jina, ukasema ni sawa, na mtoto anaitwa nani?

Hakusema kwa hasira. Afadhali angekasirika.

— Mimi pale getini nilikuwa... Director alianza.

— Sabini na tatu, alisema Mama Mitchell. Najua. Si huwa unanihadithia stima ikipotea na mashine ikizima?

Director akachukua karatasi, akaigeuza haraka upande usioandikwa, akampa pamoja na kalamu. Sijui kama Mama Mitchell aliona yaliyokuwa upande ule mwingine. Alipangusa mkono kwa aproni, akainama juu ya meza yangu na kuandika pole pole, na unga ukabaki pale kiganja chake kilipopita. Director akainua karatasi akasoma kwa sauti, jina moja moja, na kila moja alilipatia nafasi yake.

— Tabitha. Ngendo. Maluki.

— Ni mimi, alisema, kama mtu anayeitika shuleni.

— Andika ya kuajiri, Director alimwambia Aoko. Miaka tisa uiweke. Na zile siku.

— Siku ngapi?

Nilimwona akimeza mate, na nilijua anachomeza kwa sababu na mimi nilikuwa nacho.

— Zote.

Wakili akafungua mdomo. Soja akamshika goti.

— Mzee, wacha.

Aoko akaondoka na karatasi. Ngendo akavuka kurudi kwa mashine, na muda si mrefu kisiagi kikanguruma tena. Hassan aliinamisha birika juu ya kikombe cha Wakili, likatoa tone moja, akalifunika akaanza kufungasha vitu vyake. Nilichukua kile kiatu, nikafuta chaki kwa kidole gumba, nikaandika "Ngendo". Wivu haukuwa umenitoka. Ulikuwa umezidi, ila sasa haikuwa likizo niliyomwonea. Nilimwonea vile Director alivyosimama akalisoma lile jina lote mbele ya watu.

— Wakili, nikasema.

— Naam, Fundi.

— Mimi naitwa nani?

Tumekaa naye ubao mmoja miaka kumi na sita. Alimtazama Director, akamtazama Soja, kisha akainua kile kikombe kitupu akanywa, akanywa tena.