Herufi Yenye Kialama

Kibodi, mwandika programu, alifika kijiweni na kompyuta kwapani, uso umemshuka. Benchi lilishajaa makelele ya Pasi, dobi wa kona, na Breki, dereva wa teksi asiyekosa jibu. Asubuhi hiyohiyo zahanati ya jirani ingeanza kuita wagonjwa kwa programu ya Kibodi, jina kwa jina, kwenye spika. Ila chombo cha kukagua programu kilikuwa kimetoa onyo, na bosi kasema lizimwe tu.

— Onyo lenyewe linasemaje? Pasi aliuliza.

— Kwamba sharti langu halitatimia kamwe. Ndani ya mashine kila herufi ni namba. Zenye vialama juu, kama é, nilidhani zinazidi mia na ishirini na saba, nikaziwekea sharti hapo ili zitambuliwe na kusomwa. Kumbe mashine hii inazihesabu upande wa hasi, chini ya sifuri.

— Yaani umeweka mlinzi mlango wa mbele, wageni wanapitia uani! Pasi akasema.

— Hasi ni baridi, Breki akadakia. Ianike juani hiyo kompyuta.

— Baridi wapi! Pasi akapinga. Herufi zimegoma. Nani kaziuliza kama zinataka kofia?

— Basi nikwambie ukweli, kaka, Breki akamgeukia Kibodi. Kompyuta zinateta. Hiyo yako imeshawishiwa na ya benki.

Kibodi akacheka mpaka kahawa ikamwagika. Moyo ukawa mwepesi. Si alishajaribu majina ya benchi zima, yote yakaitwa? Akapeleka kidole kwenye kitufe cha kuzima onyo.

— Samahani, wanangu.

Alikuwa mama mmoja aliyesimama kununua kahawa, binti yake mwenye homa kamlalia begani.

— Jina la huyu lina kialama juu. Tukifika hapo zahanati, ataitwa?

Kibodi akaondoa kidole kwenye kitufe.

— Linaandikwaje, mama? Kibodi aliuliza.

Mama akamtajia herufi moja moja; Kibodi akaliandika, akabonyeza. Spika ya kompyuta kimya. Akabonyeza tena. Kimya. Akampigia bosi: “Wasianze bado. Waite kwa mdomo kwanza.” Bosi akafoka; Kibodi akakata simu, akainamia kazi. Akaiamuru mashine ihesabu herufi zote kuanzia sifuri kwenda juu, pasiwe na hasi. Onyo likatoweka lenyewe.

Akabonyeza. Jina likatoka kwenye spika, zima, na sauti ya kialama chake.

Binti akainua kichwa begani kwa mama yake.

— Abee!