Maji ya Zamu ya Anaeli

SIFAELI: Haloo? Vaileth?

VAILETH: Haloo? Ni nani? Unakatakata.

SIFAELI: Baba yako mdogo, Sifaeli. Natumia simu ya kijana wangu Godwin.

VAILETH: Baba mdogo! Shikamoo.

SIFAELI: Marahaba, mwanangu. Uko darasani?

VAILETH: Hapana, niko ofisi ya walimu hapa Lemara. Huko Akheri kwema?

SIFAELI: Si kwema sana. Saa tisa tuna mkutano wa mfereji. Watu wanataka kuvunja kamati ya zamu, kila mtu ajifungulie maji anavyotaka. Sasa wewe si ndiye unayefundisha hayo? Watu wa kale walianzaje kuwa na serikali? Nipe maneno, mwenyekiti nimeishiwa.

VAILETH: Eeh... mwanzo walikuwa wachache, kila mtu na lake. Wakaongezeka, wakalima, maji na ardhi vikawa vya kugombania. Mwenye nguvu anachukua, mnyonge analia. Wakaona bora wachague mtu wa kugawa na kuamua ugomvi, na yeye—

SIFAELI: Na yeye asipendelee.

VAILETH: Ndiyo. Kwani imekuwaje?

SIFAELI: Hujasikia? Jumamosi, tuko mazikoni, mtu kafungua maji ya zamu ya Anaeli. Anaeli akamshuku Thomasi, jirani yake. Kampiga kwa mpini wa jembe. Kashonwa nyuzi saba kichwani.

VAILETH: Thomasi?!

SIFAELI: Anakana, lakini nani amwamini? Tumemfungia maji mwezi mzima. Haloo?

VAILETH: Baba mdogo... maharage ya mama yalikuwa yanakauka.

SIFAELI: Maharage gani? Ongeza sauti, simu inakwaruza.

VAILETH: Siwezi. Walimu wenzangu wako hapa.

SIFAELI: Ngoja. Jumamosi ulikuwa huku.

VAILETH: Nilisema nifungue maji nusu saa tu, halafu nifunge. Nikasahau— hapana. Sikusahau. Niliyaacha.

SIFAELI: Na mimi nikamfungia Thomasi.

VAILETH: Nisamehe, baba.

SIFAELI: Mama yako atafungiwa mwezi.

VAILETH: Ni shemeji yako! Hata hakujua—

SIFAELI: Nikimwacha, nikae pale mbele kama nani? Jina lako sitalitaja. Njoo ulitaje mwenyewe.

VAILETH: Nakuja. Thomasi yupo?

SIFAELI: Ameshafika, na kitambaa chake kichwani. Watu wamemwachia benchi zima peke yake. Salio lina—

VAILETH: Kakae naye. Baba, kakae naye mpaka nifike— haloo? Haloo?