Mama Sepiso wa Pande Mbili za Daraja

Marehemu Sikhangezile Nyathi Sikota, ambaye wengi waliokusanyika hapa walimjua kama Mama Sepiso, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 katika kijiji cha Lukosi, wilayani Hwange, Zimbabwe. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Mpiyabo Nyathi, mchimba makaa ya mawe, na Mama Sibongile. Baba yake alirudi kutoka mgodini mweusi tii, na binti huyu ndiye aliyempokea kwa beseni la maji na sabuni. Kaka zake walimtania kwa kumwita Sista, kama mtawa wa misheni. Aliwarudisha uani wakaoshe miguu kabla ya kuingia ndani.

Alisoma shule ya misheni hadi darasa la saba, kisha sekondari kwa miaka miwili. Alitamani sana kuwa muuguzi. Vita vya ukombozi vilipozidi na barabara kuwa za hatari, baba yake alimrudisha nyumbani, na jambo hilo lilimuuma kwa muda mrefu.

Mwaka 1976 alipata kazi ya kufua katika hoteli moja mjini Victoria Falls. Uhuru ulipopatikana wageni walimiminika, naye akapandishwa kutoka kwenye mapipa ya sabuni hadi vyumbani. Alipofikia kuwa msimamizi wa vyumba, wafanyakazi walisikia funguo zake kabla hawajamwona, wakanyoosha shuka haraka haraka.

Mumewe, Mzee Mulonda Sikota, alikutana naye mwaka 1982. Alikuwa fundi katika kiwanda cha mablanketi cha Livingstone, upande wa Zambia, ng'ambo ya Mto Zambezi, na siku hiyo alileta mzigo wa hoteli kwa lori. Marehemu alilikunjua blanketi moja, akalivuta pindo, uzi ukaachia.

"Hili lirudi," alisema.

"Dada, nimelifuma kwa mikono yangu."

"Basi kwa mikono hiyo hiyo kalifume tena, kaka."

Wiki iliyofuata Mulonda alilirudisha mwenyewe, amevaa tai. Walifunga ndoa tarehe 6 Agosti 1983, bibi harusi akisindikizwa na rafiki yake wa chanda na pete, Ntombizodwa Moyo, aliyekuwa akitandika vitanda pamoja naye hotelini. Mungu aliwajalia watoto watatu. Makao yao yalikuwa hapa Maramba, Livingstone, na marehemu alivuka daraja la Zambezi, mpakani, kwenda kazini, akirudi siku za mapumziko.

Kiwanda kilifungwa mwaka 1994. Mzee Mulonda alikaa kibarazani akitazama barabara. Hotelini kwa mkewe, kinyume chake, wageni walijaa hadi vyumba havikutosha, na majirani walishangaa. Mmoja alimuuliza kanisani, "Mama Sepiso, maporomoko si ni yale yale? Mbona wageni wote wanalala kwenu?"

"Mgeni hafuati maji peke yake," alijibu. "Anataka pa kulala bila hofu, na mtu anayejua kumpokea. Sisi wa ng'ambo tulianza kufundishwa kazi hiyo zamani. Ninyi wa Zambia mlikuwa na shaba na viwanda, nani angehangaika na mashuka?"

Mumewe alipopata nafasi ya kuhudumia meza kwenye nyumba ndogo ya wageni, alikataa katakata. Mwanamume aliyetengeneza vitu, alisema, hawezi kuzunguka na chai ya watu. Marehemu hakugombana naye. Jumapili moja aliwaketisha watoto mezani wakiwa wamechana nywele, akamkabidhi mumewe sinia. Sepiso, mwenye umri wa miaka tisa, aliagiza kapenta, yaani dagaa, kwa sauti ya kizungu, kisha akalalamika kwamba zimepoa. Mzee Mulonda alicheka hadi akaweka sinia chini. Jumatatu alikwenda kazini.

Baada ya mwaka 2000 mambo yaligeuka. Siasa za Zimbabwe ziliwatia wageni woga, fedha ikapoteza thamani, na vyumba alivyovisimamia vikabaki vitupu. Huku Livingstone hoteli mpya zilichipuka kando ya mto. Meneja wa mojawapo alimwita marehemu mwaka 2002 awe msimamizi wa vyumba, na kumwambia alete kikosi chake chote kutoka ng'ambo, watu wanaoijua kazi.

Langoni walikuwa wamesimama wake za wafanyakazi wa kile kiwanda kilichokufa, wakitafuta kazi.

"Mama, ninyi mna kwenu," mmoja alimrushia maneno. "Hoteli hii iko Zambia."

"Hata mume wangu yuko Zambia, dada yangu, na kitanda chake natandika mimi."

Walicheka, lakini maneno yale alirudi nayo nyumbani. Asubuhi alimwambia meneja kwamba angeleta nusu tu. Kila aliyetoka ng'ambo angefanya kazi bega kwa bega na mwanamke wa Livingstone hadi amfundishe.

"Sina muda wa shule," meneja alisema.

"Kwetu kukitulia hawa wa ng'ambo watarudi, nawe utabaki na vyumba na funguo tu. Kama hutaki, tafuta msimamizi mwingine."

Alitoka bila kazi, na watoto bado walikuwa wakisomeshwa. Mzee Mulonda alimwandalia chai. Kesho yake meneja alimwita tena, akakubali.

Uamuzi huo ulikuwa na gharama. Ntombizodwa alikuwa miongoni mwa walioachwa, kwa kuwa mumewe bado alikuwa na ajira. "Khangi, mimi niliyekushika mkono kanisani?" aliuliza, akaondoka. Hawakusemezana kwa miaka. Marehemu alimtumia salamu kila Krismasi, na hazikujibiwa.

Zimbabwe ilipoanza kutumia dola ya Marekani, wageni walirejea Victoria Falls kidogo kidogo. Mwaka 2011 Ntombizodwa, sasa msimamizi, alivuka daraja na kubisha hodi hapa Maramba. "Nimepewa ghorofa mbili na sina watu," alisema akiwa bado mlangoni. "Nipe wasichana wako."

"Kwanza keti ule."

Walikula, wakalia, wakacheka. Wanawake wanne wa Livingstone walikwenda kufanya kazi upande wa pili, na wengine wakafuata.

Marehemu alistaafu mwaka 2017. Februari 2023 alipata kiharusi kilichodhoofisha upande wa kushoto. Alitunzwa na mumewe na binti yake Sepiso, na Ntombizodwa alikuja kila alipoweza kumsuka nywele. Alifariki nyumbani Jumapili asubuhi, tarehe 9 Juni 2024, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Mzee Mulonda.

Ameacha mume, watoto watatu, Sepiso, Thabo na Namasiku, wajukuu saba, kaka yake, Mzee Mbongeni Nyathi, wapwa wengi, akiwemo Nobuhle anayesoma wasifu huu, na Ntombizodwa, ambaye familia inamhesabu kuwa dada.

Kaka yake alikuja kutaka azikwe Lukosi, karibu na wazazi, na lilikuwa ombi la haki. Ndipo Sepiso alipomweleza kwamba mama yake aliulizwa mwezi Mei angependa azikwe wapi, akajibu kwa ulimi mzito, "Mulonda magoti yanamsumbua. Nizikeni anapoweza kufika kwa miguu."

Mzee Mbongeni aliomba aonyeshwe njia ya makaburini, ajue ni mbali kiasi gani.

Mungu ampokee na kumpumzisha kwa amani.